Hesabu ya Tanuri

Wifi yangu alianza kupona siku ya Jumanne, na siku hiyohiyo mimi nikaanza kumchukia.

Najua ilikuwa Jumanne kwa sababu ndiyo siku yetu ya kufua. Tunaishi ua mmoja. Yeye ana vyumba vya upande wa bomba, mimi na mume wangu, ambaye ni kaka yake, tuko upande wa geti, na kamba ya kuanikia tunagawana nusu kwa nusu. Nilikuwa nakamua shati nikasikia mtu anaimba. Nikageuka. Ni yeye, kibanio mdomoni, anaimbia puani wimbo wa tangazo la sabuni. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu tanuri lilipuke, na katika ua ule hakuna aliyekuwa ameimba hata ubeti mmoja.

"Wifi, kuna nini leo?" nikamuuliza.

Akatoa kibanio mdomoni, akacheka. "Nimelala, wifi. Nimelala mpaka saa kumi na mbili asubuhi, sijaota kitu."

Nikamwambia hongera. Kisha nikalikamua lile shati mpaka kifungo kikang'oka.

Niseme kwanza sisi ni kina nani. Kiwanda chetu ni cha mikate, si kikubwa, watu kumi na wawili na gari moja la kusambaza ambalo dereva wake ni mume wangu. Wifi alikuwa mezani, anafunga mikate kwenye mifuko. Mimi nilikuwa mwasha tanuri. Kwa miaka kumi na moja hakuna mkate uliotoka mle bila kupita kwenye moto wangu. Tanuri lilikuwa la gesi, la vyumba viwili, cha chini na cha juu. Kabla ya kuwasha lazima ufungue mlango wa chumba, kama kuna gesi iliyovuja ipate kutoka. Hapo unahesabu kwa sauti mpaka saba, kila namba pumzi moja ndefu, kuvuta na kutoa. Saba ikiisha ndipo unapeleka moto, kwa ufito wa chuma wenye utambi mwishoni.

Na mwasha tanuri akihesabu, hakuna anayeongea. Hiyo ndiyo desturi ya kiwanda chetu, sijui kama wengine wanayo. Mashine ya kukanda inazimwa, watu wote wanarudi nyuma ya mstari mweupe uliopakwa sakafuni, wananyamaza. Hata Bosi, mtu anayeongea huku anatafuna, akinikuta nimefungua mlango alikuwa anakata simu. Ndiyo maana waliniita Mama Saba. Wageni walidhani nina watoto saba, na wengine walinipa pole.

Siku ya ajali nilikuwa nimefika tatu. Nikasikia nyuma yangu, "Wifi!" Nikageuka. Amesimama nyuma ya mstari, mkono kiunoni, ananitazama. Nikamkazia macho anyamaze, nikarudi kwenye mlango, na pale sikujua tena nilikuwa wapi. Nikasema sita, kwa kuwa sita ilikuja yenyewe. Nikasema saba. Nikapeleka moto.

Hakufa mtu. Mimi nilibaki na kovu kuanzia kiwiko mpaka kidole gumba cha mkono wa kushoto. Wifi alibaki na sikio la kulia lisilosikia vizuri na alama shingoni. Wakaguzi walikuja wakasema koki ilikuwa inavuja, mshukuru Mungu mko hai. Bosi akasema ni koki. Mume wangu akasema ni koki. Na mimi nikaitikia, ndiyo, ni koki. Habari ya namba zilizorukwa sikumwambia mtu, na wifi hakuwahi kutamka kwamba aliniita. Kwamba alikuwa ananiitia nini, swali hilo nilikula nalo, nikafua nalo, nikafagia nalo. Kumuuliza sikuthubutu, maana ningemuuliza ningelazimika kusema kilichofuata.

Muuguzi aliyekuwa anatusafisha vidonda alitupa kila mmoja karatasi. Ilisema kwamba mtu aliyepona kwenye ajali, mwili wake unaweza kuendelea kupiga king'ora hata kama moto umeshazimika. Ukiamka umelowa jasho, ukiruka kwa kishindo kidogo, ukikwepa njia na vitu na watu, huna wazimu. Yako mambo unaweza kuanza kujifanyia mwenyewe, na yakikuzidi nguvu, rudi kwetu. Mimi nilisoma mpaka pale pa "huna wazimu," nikaona wananitukana. Nani alisema nina wazimu? Nikaikunja mara nne nikaisukuma chini ya mguu wa meza yetu inayocheza. Meza ikatulia, nikasema angalau imefaa kitu.

Wifi yeye aliisoma yote. Akanunua daftari la jalada la kijani. Akaanza kulala na kuamka kwa saa zilezile, akaanza kutembea kila jioni kabla jua halijazama, akaacha kuangalia habari za ajali kwenye simu. Yote hayo niliyaona kupitia dirisha langu, nikawa nacheka peke yangu. Kisha ikaja ile Jumanne, na kicheko kikaisha.

Maana mimi sikuwa nalala. Sikuwa naweza hata kuwasha jiko. Mwanamke aliyewasha tanuri miaka kumi na moja, asubuhi nilikuwa nasimama uani mpaka mume wangu awashe jiko, achemshe chai, aweke kwenye chupa, ndipo niingie jikoni. Akichelewa kurudi mchana, tunakula mkate mkavu. Kifuniko cha sufuria kikianguka kwa jirani, mimi nimeshachuchumaa chini ya meza. Na kila mara nikitoka chini ya ile meza nilikuwa namgombeza yeye, mume wangu, kwa kosa lolote lililokuwa karibu.

"Dada leo amewasha kiberiti mwenyewe," akaniambia siku moja anavua viatu. "Mwenyewe kabisa. Dada ana moyo."

"Na mimi nina nini?" nikamuuliza. "Kopo?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini umevua viatu kama mtu aliyesema."

Akavipanga viatu vyake ukutani. Ni mtu mpole, na upole wake siku zile ulikuwa unanichoma kuliko matusi.

Basi kilichonimaliza ni Bosi. Alikuja uani siku ya Ijumaa, akakaa kwenye kigoda katikati yetu, akasema tanuri jipya limefika, fundi analifunga, kiwanda kitafunguliwa baada ya wiki tano, siku ya Jumatatu. Akageuza uso kwangu, akaugeuza kwa wifi. "Nahitaji mwasha tanuri. Atakayeweza kati yenu, kazi ni yake. Na mkiwa hamuwezi, semeni mapema nitafute mtu nje."

Kati yetu! Mimi na mfunga mifuko! Nikasubiri wifi aseme, Bosi, kazi hiyo ina mwenyewe. Wifi akainamisha kichwa, akasema, "Tutajitahidi."

Kesho yake nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, macho ameyatuliza kwenye bomba, anapumua. Anavuta, anatoa, na midomo inacheza. Nikasogea na ndoo yangu kana kwamba nataka maji. Alikuwa anahesabu. Moja, pumzi ndefu. Mbili, pumzi ndefu. Mpaka saba, kisha anaanza upya. Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Ile ilikuwa hesabu yangu. Nilifundishwa na mwasha tanuri aliyenitangulia, nikaishika miaka yote hiyo, na huyu ameichukua bure kutoka nyuma ya mstari mweupe, anaitumia kutulizia moyo wake. Na mwenye hesabu, tangu siku ile, akifika tatu hawezi kuendelea.

Nikajaza ndoo mpaka ikamwagika miguuni.

Daftari alikuwa analiweka kwenye dirisha lake, chini ya kopo la vijiko. Jumanne iliyofuata alipokwenda upande wa pili kuanika mashuka, na mashuka yenyewe yakanikinga, nikanyoosha mkono. Sioni aibu kusimulia. Aibu niliiona baadaye, na iliniona vizuri.

Ukurasa wa kwanza alikuwa amechora ngazi. Juu yake ameandika kwa mwandiko wake wa duara, "Anza na dogo. Usiruke. Kaa hapo mpaka woga ushuke wenyewe, ndipo uondoke." Kwenye kipandio cha chini kabisa ameandika: kusikia mtu mwingine akiwasha kiberiti. Cha pili, kuwasha mwenyewe. Cha tatu, kuwasha jiko. Cha nne, kuangusha sinia sakafuni makusudi. Cha tano, kupita mtaa wa kiwanda, ng'ambo ya barabara. Cha sita, kupita mlemle kando ya ukuta wa kiwanda. Vipandio vilivyobaki vilikuwa ukurasa wa nyuma, na mashuka yalikuwa yanaisha. Viwili vya kwanza alikuwa ameshaviwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

Viwili tu! Nikarudisha daftari chini ya vijiko. Nilisema moyoni, huyu nitampita kabla ya mwezi kwisha.

Siku hiyohiyo nikataka kumaliza vitatu kwa mpigo. Mume wangu alikuwa safarini na gari, ambalo Bosi alikuwa analikodisha wakati kiwanda kimefungwa. Nikachukua kiberiti, nikakiwasha, kikawaka. Nikajisifu. Nikafungua gesi ya jiko, na ile sauti yake tu, ile ya kupumua, ikaniondolea miguu. Kiberiti kikaangukia kitambaa cha vyombo. Nilifunga gesi, nikakanyaga kitambaa, nikatoka nje nikakaa chini na mgongo ukutani, nikawa natetemeka mpaka meno yanagongana. Mume wangu aliporudi akaniuliza kitambaa kimekuwaje. Nikamwambia nenda kamuulize dada yako, yeye ndiye mwenye majibu yote siku hizi.

Usiruke, ilisema ngazi. Nilikasirika kwamba ilikuwa kweli.

Nikainama nikaitoa karatasi ya muuguzi chini ya mguu wa meza. Ilikuwa imeshika alama ya mguu, lakini ilisomeka. Ilisema woga ukipanda, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyosikia, mpaka akili irudi mahali ulipo. Nikaona mambo ya watoto. Kisha nikajikuta nataja. Sufuria. Ndoo. Ufagio. Kalenda ya mwaka jana. Viatu vya mume wangu, ambavyo amevipanga tena, hana makosa mtu yule. Nikamaliza kutaja nikaona mikono imetulia. Jioni mume wangu akaweka kikombe mezani, chai ikamwagika. "Meza imeanza kucheza tena," akasema. Nikamwambia icheze.

Basi nikawa napanda ngazi ya mtu mwingine kwa siri. Siku tatu niliwasha viberiti na kuvizima, pakiti nzima. Siku ya tano nikawasha jiko, nikakaa mbele yake mpaka moyo ukaacha kupiga ngoma, na nikachemsha chai yangu mwenyewe. Mume wangu alipoiona chupa imejaa akasimama mlangoni. Macho yalimjaa maji. Nilitamani kumkumbatia, lakini nikakumbuka amemsifu dada yake mara ngapi, nikamwambia asizibe mlango.

Sinia niliangusha jioni wakati wifi ametoka kutembea. Mara ya kwanza nilijikuta chini ya meza. Mara ya tisa niliishia kufumba macho tu. Mtaa wa kiwanda nilipita ng'ambo ya barabara nimejifunika kanga kichwani kama mdaiwa. Siku mbili baadaye nikapita kando ya ukuta wenyewe, kiganja changu kinagusa matofali, natembea, navuta pumzi. Nikafika mwisho wa ukuta. Nikageuka nikarudi tena kwa raha zangu.

Niliporudi uani wifi hakuwepo. Nikalichukua daftari kuangalia amefika wapi. Alikuwa amefika tano. Tano! Nimempita! Kalamu nyekundu ilikuwa imebanwa palepale. Kabla kichwa hakijauliza mkono unafanya nini, mkono ulikuwa umeshaweka alama ya vema kwenye kipandio cha sita.

Nikaitazama ile alama. Haikuwa ya kufutika. Nikajaribu kuikwangua kwa ukucha nikatoboa karatasi. Nikasikia geti, nikarudisha daftari, nikaingia ndani nikakaa kitandani kama mwizi.

Siku mbili wifi hakusema kitu. Alinisalimia kama kawaida, akaniazima pasi kama kawaida. Lakini kelele zilizotoka chumbani kwake! Sinia linaanguka, linaokotwa, linaanguka. Siku ya tatu nikachungulia daftari tena. Daftari lilikuwa palepale chini ya vijiko. Alama yangu ilikuwepo, na pembeni yake ameweka yake. Nikageuza ukurasa. Saba, kusimama kwenye mlango wa kiwanda. Nane, kuingia ndani. Tisa, kusimama mbele ya tanuri jipya, mlango wake ukiwa wazi. Na kumi ilikuwa imefunikwa kwa kipande cha karatasi, kimebanwa kwa pini za stepla pembe zote nne.

Nikacheka kwa hasira. Ameficha ya kumi ili nisimtangulie. Kana kwamba nisingejua! Baada ya kusimama mbele ya tanuri kinabaki nini, kama si kuliwasha?

Mume wangu, asiyeweza kutunza siri hata ya siku ya kufua, akaniambia kwamba dada amepatana na Bosi: Jumamosi, siku mbili kabla ya kufungua, saa nne asubuhi, aende akaliangalie tanuri. Fundi ameshalijaribu, kila kitu kipo tayari. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafika nane. Nilikuwa nimeingia ndani ya kiwanda mara mbili, mlinzi akanifungulia, nikakaa kwenye benchi la kubadilishia viatu mpaka mwili ukapoa. Tisa ilibaki, na kumi.

Jumamosi saa tatu nilikuwa getini.

Tanuri jipya lilikuwa linang'aa mpaka nikaona aibu kulisogelea na kanga yangu ya kufagilia. Rangi ya mstari mweupe ilikuwa mpya, bado inanuka. Ufito ulikuwa umetundikwa mahali pake pa zamani, na kiberiti kwenye kibati chake. Hapakuwa na mtu. Nikavuka mstari. Nikashika mpini wa mlango wa chini, nikaufungua.

Moja. Nikavuta, nikatoa. Mbili. Jasho likaanza kwenye kovu, mahali ambapo ngozi haitoi jasho tena, nikajua ni akili inanidanganya. Tatu.

Hapo nikakwama. Nne haikuja. Nilisimama nimeshika mpini, macho nimefumba, na kila nikivuta pumzi inakuja sita, sita, sita. Nikafumbua macho nikataja. Mpini. Ufito. Kibati. Ndoo ya mchanga. Mstari. Nikarudia. Moja. Mbili. Tatu.

"Wifi."

Sauti ileile, mahali palepale, nyuma ya mgongo wangu. Niliruka nikagonga kiwiko kwenye mlango.

"Tena?" nikapiga kelele. "Tena unaniita nikiwa tatu?"

Amesimama nyuma ya mstari, daftari kifuani. Akaweka mkono mdomoni. Ndipo nikasikia nilichosema. Kwa miezi sita nimelifungia neno hilo, na limetoka lenyewe kwa hasira ya sekunde moja.

"Kumbe unakumbuka," akasema polepole.

"Nakumbuka."

"Nilidhani mlipuko ulikusahaulisha. Nilikuwa naomba iwe umekusahaulisha." Akafungua daftari. Akakishika kile kipande cha karatasi akakivuta, pini zikatoka moja moja. Akanigeuzia ukurasa nisome.

Kumi: kumwambia wifi kwamba mimi ndiye niliyemwita.

Nikasoma mara mbili. Nilikuwa nimekuja kumnyang'anya kitu ambacho hakikuwemo hata kwenye ngazi yake.

"Niliona alama yako," akasema. "Ile ya sita. Mkia wa alama yako unajikunja kushoto, naujua tangu ulipokuwa unatia alama matreya ya mikate. Nikaiziba ya kumi usiisome mwenyewe. Na nisikudanganye, wifi, siku ile nililia kwa wivu. Mimi niko tano, wewe sita, na daftari ni langu! Niliangusha sinia mpaka kaka akaja kuuliza kama nimehama au nahama."

Kicheko kilinijia, nikakizuia. Sikuwa tayari kucheka naye.

"Uliniitia nini?" nikamuuliza.

Akalifunga daftari.

"Wifi, nakuuliza. Miezi sita najiuliza. Nguo yangu ilikuwa inashika moto? Uliona kitu? Ulisikia harufu ya gesi? Ulitaka kuniambia nini?"

Akakaa chini palepale nyuma ya mstari, kwenye sakafu.

"Sikuwa na la kukuambia," akasema. "Nilikuwa nakuonea wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa ule ukimya. Kila siku unafungua mlango, na watu wazima wote wananyamaza kwa ajili yako. Bosi ananyamaza. Kaka yangu akiwa mlangoni na makreti anasimama kama yupo ibadani, anakutazama. Mimi nikiongea mezani hakuna hata anayegeuka. Siku ile nikasema moyoni, hebu nimwite nione kama atageuka. Basi. Nilitaka tu ugeuke."

Nilitamani angekuwa na sababu. Nilikuwa nimemtengenezea sababu nyingi, nyingine zimenifanya nimlaani na nyingine zimenifanya nimhurumie, na hii haikuwemo. Hasira ilinipanda mpaka nikaona tanuri linayumba. Nikamtazama pale chini, na ile alama shingoni, na kichwa ameinamisha upande wa sikio linalosikia ili asipitwe na nitakachosema. Huyu mtu alikuwa ananionea wivu. Na mimi wiki tano nimeamka, nimetembea, nimewasha, nimeangusha, yote kwa kumwonea yeye wivu. Sikujua nimpige au nimwinue.

"Niliruka," nikamwambia. "Nilitoka tatu nikaenda sita. Koki ilivuja, ndiyo, lakini mimi niliruka."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nahesabu na wewe. Kila siku nilikuwa nahesabu na wewe kimoyomoyo, wifi, tangu nianze kazi. Nilisikia nne na tano hazikuja."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningesemaje kwamba umeruka bila kusema aliyekurusha?"

Nje mlinzi alikuwa anaburuta geti. Nikaona kwamba siri yangu alikuwa ameishika yeye muda wote, na yake nilikuwa nimeishika mimi, na kila mmoja alikuwa anamkwepa mwenzake asije akaidondosha. Nikamnyooshea mkono wenye kovu. Akaushika akasimama.

"Nimekasirika," nikamwambia.

"Najua."

"Nitakasirika hata kesho. Na Jumatatu pia, mbele ya watu."

"Sawa, wifi."

"Rudi nyuma ya mstari. Na mara hii ukifungua huo mdomo, nakuhamisha ua."

Akarudi. Nikafunga mlango wa chini, nikaufungua upya. Moja. Mbili. Tatu. Nikasubiri, na mgongo mzima ulikuwa unasikiliza. Nyuma yangu hapakuwa na sauti yoyote, ila pumzi yake, inavuta ninapovuta, inatoa ninapotoa. Nne ikaja. Tano ikaja. Sita ilipofika ilikuwa sita kweli. Saba. Nikapeleka moto, chumba cha chini kikawaka chote kwa mstari mmoja wa bluu, na mimi nikalia kwa sauti bila kujali ananiona.

Nilipomaliza kulia nikafuta uso kwa kanga. Chumba cha juu kilikuwa kinangoja. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nawasha vyote viwili, na mkono ulikuwa umeshaanza kuelekea mpini. Nikauzuia. Nikamwonyesha wifi ufito.

"Cha juu ni chako."

"Mimi?"

"Kuna wifi mwingine humu?"

Akavuka mstari kwa mguu wa kulia, taratibu, kama sakafu ingeweza kuvunjika. Nikampa ufito, nikamwonyesha pa kushika. Kisha nikarudi nyuma ya mstari, mahali ambapo sijawahi kusimama tangu niwe mwasha tanuri. Kutoka pale kila kitu kinaonekana tofauti. Unamwona mtu mmoja mgongo, amesimama mbele ya mlango wazi, na kiwanda kizima ni chake.

Akafungua. "Moja," akasema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo peke yake lilinichoma. "Mbili."

Alipofika tatu, nikataka kumwita. Sikuwa na la kumwambia. Nikaziba mdomo wangu kwa ule mkono wenye kovu, nikasimama hivyohivyo mpaka akasema saba.